Gundi Ambayo Maji Huilegeza

Alimasi alinitambua kwa harufu. Nilikuwa bandarini Kalemie nikisubiri boti ya Kigoma, nimekaa juu ya begi langu, nikibandika soli ya kiatu kwa gundi ya mirija miwili, ile ambayo unakamua kidogo kutoka huku na kidogo kutoka kule, unakoroga kwa kijiti, kisha unasubiri mpaka ipate joto lake yenyewe. Mtu alisimama nyuma yangu, akavuta hewa puani, akasema, "Ungali unatumia bale mapacha?" Sikuhitaji kugeuka. Ni watu wachache tu duniani waliowahi kuiita gundi ile mapacha, na wengi wao sijui walipo. Nimeishi katika miji mingi ya ziwa hili na mingine ya mbali, Bujumbura, Mpulungu, Lubumbashi, sijadumu popote, na katika kila chumba nilichopanga mirija ile miwili imekaa dirishani. Wengine husafiri na picha za jamaa zao. Alimasi alikuwa amenenepa na kichwa kimeanza kuwa cheupe kama changu. Aliniambia anatoka Baraka, mji wa kwao, wamemzika mama yake. Tuliketi pamoja juu ya begi langu, tukala samaki wa kukaanga kwenye karatasi. Kisha akanionyesha kitu alichokuwa amekifunga katika kitenge, akaniuliza swali. Swali lile limenikosesha raha hadi leo, na ndilo limenifanya niandike habari za mwaka ule niliolala katika chumba cha kaka yake.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangalipo. Mimi nilikuwa nimeteremka kutoka Fizi, kule juu kwenye baridi, kusoma useremala kwa wamisionari wa Baraka, na kwa kuwa sikuwa na ndugu mjini, Alimasi, tuliyesoma naye benchi moja, alinipeleka kwao. Kaka yake mkubwa, Wilondja, alikuwa hayupo. Alikuwa kijana wa kupima pamba kwa mfanyabiashara mmoja mzungu aliyekuwa na ndege ndogo, na siku moja alasiri mzungu yule alimwambia apande, amsindikize Albertville, Kalemie ya leo. Watu waliokuwa mashambani waliiona ikipita juu ya ghuba, ikavuka milima ya Ubwari kuelekea ziwa kubwa, wakasikia mlio wake ukiendelea upande wa pili wa milima, kisha wakasikia kwamba hauendelei tena. Hakikupatikana chochote. Hakuna ubao wala kiatu. Nilipewa chumba chake kwa sababu kilikuwa ndicho chumba kitupu, lakini hakikuwa kitupu. Shati lake jeupe lilining'inia kwenye msumari ukutani, na niliambiwa nisiliguse, hata kama panya watakuja. Dirisha lilitazama ziwa. Sebuleni ulikuwapo mkeka wa matanga, umetandikwa sakafuni, na juu yake alikaa Mama Wilondja, mama yao, miguu imenyooshwa, nywele hazijanyolewa. Wageni wa msiba walikuwa wamekwisha rudi makwao. Mkeka ulikuwa umebaki, na yeye juu yake.

Kwa desturi ya nyumba ile, aliyefiwa hawashi moto wake mpaka maiti, au kitu badala yake, kizikwe. Mafiga matatu ya jiko lake yalikuwa yamepoa na kuota utando wa buibui, na chakula chetu kilitoka kwa jirani, Mama Asende, mwanamke mnene mwenye kicheko, aliyekuwa akipita mlango wa nyuma na sufuria kichwani akisema, "Bugali iko, sombe iko, mi mwenyewe ndiyo nimeisha!" Tulikula kwa haraka, sombe, yaani kisamvu, ikiwa na mawese mengi na ndagala, dagaa wa ziwa, juu yake, na Mama Wilondja alikula kidogo, akitazama mlango uliokuwa wazi. Baada ya chakula cha mchana mji wote ulilala. Joto la Baraka saa zile ni kama kifuniko. Hata kuku wananyamaza. Na ndipo, siku za mwanzo mwanzo, nilipomsikia akisema polepole, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Iko inapita." Nilidhani ni huzuni tu. Lakini alasiri moja nilikuwa nimeshika kikombe cha maji, nimekitua juu ya goti, naye akasema, "Iko inapita," na maji yale yakafanya viduara. Nilikiweka kikombe sakafuni. Viduara viliendelea. Nilitoka nje nikaangalia juu, na mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Alimasi alikuwa amelala chini ya ukuta, macho wazi. Hakuniuliza natafuta nini mbinguni.

Mdogo wa marehemu baba yao aliitwa Byaombe, mkulima wa pamba, mtu wa maneno makali na mzaha mkali zaidi. Alikuja kila Jumapili baada ya ibada, akaketi barazani juu ya kiti alichokigeuza nyuma mbele, na sisi chumbani tulisikia kila neno. "Shemeji," alisema, "batu wa Baraka banauliza kama ile mukeka imeota mizizi." Aliendelea: "Mi sikatazi kulia. Lakini haiwezi kuwa kazi. Ziwa ikikatala kurudisha muntu, tunazika mugomba mahali pake. Babu yako alizikiwa mugomba. Tukate leo, tuuvalishe ile shati, tuzike, unyolewe, tulime." Hapo ndipo Mama Wilondja alipojibu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayekataa chumvi. "Mutoto wangu hakupanda mugomba, Byaombe. Alipanda avio." Byaombe alicheka, kisha kicheko kikaisha peke yake. "Sasa unataka nizike avio? Ndege nitaitoa wapi?" Kisha akasema neno ambalo lilimfanya Alimasi akae kitako kitandani. "Sikiliza vizuri. Mvua ikianza na ile mukeka ingali pale, mi nafunga hii nyumba. We utarudi kwa kaka zako kule mulimani, na Alimasi anaacha masomo, anakuja kulima kwangu. Siwezi kulisha kilio myaka na myaka." Aliondoka. Mama Wilondja alimwita mwanawe, akamwuliza bila kugeuza kichwa, "Bale bandege ya Furere, banatengenezaka na nini?"

Furere, bruda wa misheni, alikuwa mwalimu wetu wa karakana, mtu mrefu mwenye masikio makubwa, na ugonjwa wake ulikuwa ndege za mfano. Zilining'inia darini kwa nyuzi, na upepo wa ziwa ulipoingia zote ziligeuza pua upande mmoja. Mbao zake zilitoka Ulaya, nyepesi kama kizibo cha chupa, na alitufundisha kuzikata kwa kisu kidogo bila kuzibonyeza. Lakini somo lake hasa lilikuwa gundi. Rafuni alikuwa na aina nne. Kulikuwa na ya unga wa maziwa, ambayo unakoroga na maji. Kulikuwa na ya mrija mmoja, inayokauka kabla hujamaliza kusema jina lako, na harufu yake inapanda kichwani kama pombe. Hiyo ni ya mabawa, kwa sababu haina uzito. Kulikuwa na ya ngozi, inayochemshwa katika mkebe, ya maseremala wa zamani. Hiyo aliidharau, kwa kuwa hewa ya Baraka ilikuwa ikiilainisha na mende wakiila mpaka mshono. Na kulikuwa na ya mirija miwili, ngeni, iliyofika kwa posta, ambayo sisi tuliita mapacha, kwa kuwa mmoja bila mwenzake hawezi kitu, na wakishaungana hakuna wa kuwatenganisha. Hiyo alitumia mahali pa kishindo tu, kwenye pua na miguu ya magurudumu. "Batoto," alisema kwa Kiswahili chake cha puani, "musiniulize gundi gani iko na nguvu. Uliza kwanza: hii kitu itaenda wapi?" Wanafunzi waliigiza sauti yake hadi mitoni walikooga.

Tulipomwomba mapacha ya kutosha ndege nzima, alitutazama kana kwamba tumeomba petroli ya kunywa. "Ndege nzima? Itakuwa jiwe. Haitapanda hata kidogo." Alimasi akasema, "Haiko ya kupanda, Furere. Iko ya kushuka." Yule mtu alijua Alimasi ni mdogo wa nani. Akachukua mirija yote miwili rafuni, akaitia mkononi mwa Alimasi, akaenda kusimama dirishani na kutuonyesha mgongo mpaka tulipotoka. Alikuwa ameuliza itaenda wapi, nasi tulikuwa tumemjibu, lakini hakuna hata mmoja wetu watatu aliyelifikiri jibu lile hadi mwisho.

Tuliijenga chumbani kwa Wilondja, chini ya shati lake. Alimasi aliikumbuka ndege ile vizuri, alikuwa ameiona ikitua uwanjani karibu na ghala la pamba: bawa moja refu juu ya mgongo, mkia mfupi, mstari mwekundu ubavuni. Yetu ilikuwa na urefu wa mkono wangu. Kila kiungo tulikipaka mapacha, ndani na nje, na kwenye kila mshono tukapitisha kidole mara ya pili, kwa sababu tulikuwa vijana na tulipenda kitu kisichoshindwa. Iling'aa kama imelambwa. Mama Wilondja aliitazama kwa muda, akasema, "Njo yenyewe," yaani ndiyo hasa. Asubuhi Byaombe, aliyekubali ndege izikwe badala ya mgomba, alileta mtumbwi, tukaenda naye hadi maji yalipobadilika rangi, Mama katikati, ndege mapajani mwake katika kitenge. Kwao mtu hafungwi jiwe. Kitu kinachopewa ziwa kinawekwa tu juu ya maji, na ziwa lenyewe linakichukua. Aliiweka. Ilielea. Tulingoja ijae maji izame, lakini ilikaa pale, pua juu, ikitutazama. Byaombe akasema itazama jua likipanda, akapiga kasia, tukarudi.

Kulipokucha ilikuwa mchangani mbele ya nyumba, kavu, pua imeelekea mlangoni. Tukaipeleka tena, mbali zaidi, hadi karibu na Ubwari. Ikarudi, mahali pale pale, pua vile vile. Wanawake waliokuwa wakichota maji pwani yetu walianza kwenda upande wa misheni. Mama Asende akapitisha sufuria yake dirishani badala ya mlangoni, na hakuwa na mzaha. Mara ya tatu, usiku kucha upepo ulivuma kutoka milimani kwenda ziwani, upepo wa kusukuma kila kitu mbali na nchi kavu. Nilikuwa nimelala nikiusikia, nikijiambia leo haiwezi. Asubuhi nilifungua dirisha nikaiona. Byaombe alifika, akaitazama akiwa mbali, akasema tu, "Mawingu yanakusanyika, shemeji," na ilikuwa kweli, mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa yamekaa juu ya Fizi. Alimasi hakula siku ile.

Mama Wilondja aliinuka kwenye mkeka, akaenda mchangani mwenyewe, akaiokota. Aliitikisa. Hakukuwa na hata tone ndani. Akaitia sikioni kama mtu anavyosikiliza yai, akakaa hivyo, kisha akaniletea. "Sikia." Niliweka sikio langu ubavuni pa ndege ile, kwenye mstari mwekundu. Nitaandika nilichosikia, ingawa nimezunguka dunia nikijaribu kukiita upepo. Ilikuwa injini, mbali sana, ikienda sawasawa bila kuchoka, kama ya kitu kilichofungiwa mahali na bado kinasafiri. Nilimrudishia. Akatuuliza, "Muliifunga na nini?" Alimasi alimweleza kwa fahari iliyokuwa bado haijafa: kwamba ni dawa mpya ya Ulaya, kwamba maji hayaiwezi, wala jua, wala mende, kwamba hata tukifa sisi wote ile itakuwa ingali imeshika. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho. "Aksanti, mwanangu," alisema. "Sasa kaka yako atatokea wapi?"

Tulitembea hadi karakana, na Alimasi akamwambia Furere kwamba tunataka ile ya ngozi. "Ile?" alisema Furere. "Lakini ile maji inailegeza. Itaachana yote." "Njo tunataka," alisema Alimasi. Furere alitupa vipande vya gundi vilivyokauka, vya rangi ya asali, mkebe, na mbao nyepesi za mwisho alizokuwa nazo. Gundi ile lazima iive juu ya moto wa polepole, na tukataka kuipikia kwa Mama Asende, lakini Mama Wilondja alikataa. Alichukua mchi na ile ndege ya kwanza, akaivunja juu ya kinu. Mapacha hawakuachia hata mahali pamoja. Mbao ndizo zilizopasuka pembeni mwa mishono, na mishono ikabaki mizima kama mifupa. Akapanga vipande vile katikati ya mafiga yake yaliyopoa, akafagia utando wa buibui kwa mkono, akawasha. Ulitoka moshi mweusi wenye uvundo wa ajabu, tukatoka nje sote tukikohoa, na Byaombe, aliyekuwa akija, alisimama njiani akauliza, "Munapika nini, shetani?" Mama Asende akacheka kutoka ukutani kwake kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi: "Acha, baba, leo iko moto! Shetani ao kuku, iko moto!" Gundi ilichemka alasiri nzima, nyumba ikanuka kwato na ngozi. Na ilipoiva, moto ulikuwa bado una makaa, na Mama Wilondja aliyatazama makaa yale, akaenda ndani, akarudi na sufuria. Alipika mukeke, samaki wa ziwa lile, kwa mawese na vitunguu. Tulikula chakula chake, na hakuna aliyesema kitu, kwa kuogopa angetambua alichofanya.

Ndege ya pili tuliijenga kwa haraka, kwa sababu ngurumo zilikuwa zimeshuka hadi mabonde ya karibu. Haikung'aa. Viungo vilinata vidoleni. Mstari mwekundu tuliupaka, lakini hatukuwa na muda wa madirisha wala mlango. Upande wa kushoto, chini ya bawa, mimi nilichora mlango kwa penseli tu juu ya ubao, mstari wa mraba na kitone cha kitasa, tukaibandika juu na chini ikawa sanduku lililofungwa pande zote. Jioni Mama aliichukua chumbani kwake. Asubuhi alitoka nayo imefungwa katika lile shati jeupe la msumarini, amekwisha kuoga. Tulipofika na mtumbwi wa Byaombe mahali pale ziwani alifungua shati, akaiweka juu ya maji. Ilielea kama mwenzake. Kisha bawa likalegea upande mmoja, taratibu, kama mkono wa mtu anayesinzia. Mkia ukaachia. Maji yakaingia bila sauti, na ndege ikaenda chini ikifunguka, na tuliiona nyeupe kwa muda mrefu, kwa kuwa maji ya pale ni safi. Byaombe alivua kofia. Tuliporudi alimnyoa shemeji yake barazani kwa wembe wake mwenyewe, akinung'unika kwamba nywele hizi zingetosha godoro, na mkono wake ulikuwa mpole kuliko nilivyodhani. Mkeka ulikunjwa. Mvua ilinyesha alasiri ile ile, na tulipokaa ndani nilitia maji kikombeni, nikakiweka gotini, nikakitazama hadi mvua ilipokatika. Maji hayakutikisika. Alimasi hakuacha masomo. Mimi ndiye niliyeondoka Baraka mwaka uliofuata, na tangu hapo sijakoma kuondoka.

Hayo yote Alimasi aliyajua, na bandarini hatukuyarudia. Alifungua kile kitenge. Ndani yake kulikuwa na ubao mwembamba, umegeuka kijivu, na mabaki ya mstari mwekundu. Alisema wavuvi waliutoa wavuni majuma machache baada ya siku ile, wakampelekea mama yake, naye hakumwonyesha mtu. Wameukuta sasa, baada ya mazishi, chini ya vitenge vyake. Ulikuwa ubavu wa kushoto. Mahali nilipochora mlango palikuwa na tundu la mraba, limekatwa sawasawa. "Nauliza tu," alisema Alimasi. "Mulango, ni we uliukata?" Nilimwambia hapana, niliuchora tu, na nilidhani labda yeye. Akatikisa kichwa. Nikasema, "Basi ni Mama. Ndege ililala chumbani kwake." "Njo nilifikiri vile," alisema, na akaugeuza ubao ili nione vizuri.

Nimefanya kazi ya mbao maisha yangu yote, na najua kisu kinavyosema. Kinapoingia kinaacha ukingo safi, kinapotokea kinasukuma nyuzi za mti. Nyuzi zilikuwa upande wa mstari mwekundu, upande wa nje, zimeinuka kuzunguka tundu lile, na mstari wangu wa penseli ulikuwa bado unaonekana chini ya nyuzi hizo. Mama alipokabidhiwa ndege ile ilikuwa sanduku lililofungwa. Ubao ule ulikuwa umekatwa kutoka ndani.

Boti ya Kigoma ilipiga honi. Ubao ulikuwa na ufa mpya, kutoka pembe ya tundu hadi ukingoni, na mikono yangu, kwa mazoea, ilikwisha kuchukua mirija miwili mfukoni na kufungua kifuniko cha kwanza. Alimasi aliweka kiganja chake juu ya mirija ile. "Acha," alisema. "Usibandike kitu pale." Akaufunga ubao katika kitenge cha mama yake, akanisaidia kuinua begi.